Wageni Walicheka

Kila aliyeshika kipaza sauti siku ile alisema mlango wa Mwalimu Yakobo haukuwahi kufungwa. Mchungaji alisema. Jirani wa chini alisema. Mama mmoja ambaye sijapata kumwona maishani alilia mpaka akashikwa mabega, akaeleza jinsi alivyokimbia mvua zamani akakuta mlango huo wazi na chai mezani. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, chini ya hema lililofungwa uani kwetu, hapa juu ya mji wa Gisenyi, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa na mabati ya Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa pamoja, na nilikuwa na hasira hadi nikaikalia mikono yangu. Baba yangu, niliyemwita Papa kama watoto wengi tuliorudi kutoka Kongo, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Siku hiyo tulikuwa tunamaliza kilio: watu wanakula, wanamsifu marehemu, kisha watoto wake wanasimama mbele ya wote, wanatajwa majina, ili kila mtu ajue nani anabaki na nyumba na jina lake. Asubuhi, jikoni, kaka yangu Daniyeli, ambaye ni mzee wa kanisa kama Papa alivyokuwa, aliniambia bila kuniangalia usoni: "Tutasimama babili. Mi na we." Sisi ni watatu. Dada yetu Furaha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, kati ya majirani na vijana waliokuja na hema la kukodi, amevaa hijabu ya kahawia, mkoba magotini, kama mtu aliyepita tu kumsubiri mwenzake.

Ningeweza kuanza na mambo mengine. Nyumba nzima ya Papa ina mambo mengine: watoto wa watu aliowasomesha, wagonjwa aliowatembelea, nyimbo alizotufundisha. Lakini kila nikitaka kumkumbuka baba yangu ninaangukia mwaka mmoja tu, mwaka ambao mlima wa moto ulipasuka upande wa pili na tope la moto likashuka katikati ya Goma. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nasoma shule ya Nyundo, na likizo ilinikuta nyumbani. Asubuhi iliyofuata barabara ya mpakani ilijaa watu waliobeba magodoro, masufuria, mbuzi, cherehani, wazee migongoni. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa kupangilia. Kila kitu chake kilikuwa na mahali pake. Siku hiyo alisimama langoni na koti lake la Jumapili akaanza kuita watu ndani kama mtu anayeita jamaa zake. Hakuuliza kabila, hakuuliza dini. Ukoo mmoja wa Waislamu kutoka Birere, mtaa wa Goma, ndio uliobaki kwetu muda mrefu kuliko wote: Mzee Salumu, dada yake aliyeitwa Mama Rajabu, Rajabu mwana wa huyo dada, na watoto wadogo waliokuwa na majivu kwenye kope. Wengi wao walifika miguu mitupu.

Sebule yetu ilikuwa na kuta za mawe ya volkano zilizopakwa chokaa, viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma Mama, na meza ndogo ya Biblia ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuegemea. Papa aliibeba meza hiyo mwenyewe, akaiweka juu ya kabati, magodoro yakatandazwa mpaka mlangoni. Mzee Salumu alipouliza kwa aibu upande wa kuswalia, Papa alimshika mkono akampeleka chumbani kwake mwenyewe, akamwonyesha kaskazini, akamtandikia shuka safi. Kisha alileta kuku wawili waliokuwa wanataga, akampa Rajabu kisu. "Chinja wewe, mwanangu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha Biblia alichojifunza Masisi, kule Kongo, "ili tule wote sahani moja." Tangu siku hiyo, muda wote waliokaa kwetu, hakuna mnyama aliyechinjwa katika nyumba ile ila kwa mkono wa Rajabu. Tulikula sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa ziwani tunaowaita sambaza, viazi vya Bugeshi, wote tumekaa chini, na Papa akigawa nyama kuanzia kwa watoto wao. Mimi niliona haya yote kwa macho yangu, na wanaosema kwamba alikuwa mwema hawasemi uongo. Ndiyo maana ninashindwa kutulia.

Nakumbuka maongezi ya jikoni, Mama na Mama Rajabu wakichambua maharage kwenye ungo mmoja. "Bwana yako njo Mukristo ya kweli," alisema Mama Rajabu. "Bengine banaimba tu." Mama alicheka. "Aaa, iyo mutu, weye! Akiona mutu iko na njaa, anafurai kama mutoto amepata bombo ya sukari." Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka. Leo sentensi hiyo ya Mama hainichekeshi. Papa alimpenda mtu mwenye njaa, alimpenda mtu mwenye miguu mitupu, alimpenda kwa moyo wake wote na bila unafiki. Mtu huyohuyo akivaa viatu, akaja kukaa kwenye kiti kilicho sawa na chake, akasema nataka tuwe ndugu, hapo Papa alianza kumtafutia mistari katika Biblia.

Furaha alikuwa mkubwa wetu baada ya Daniyeli. Alifundisha watoto wa chekechea, aliimba kwaya, na alikuwa na ulimi mwepesi ambao Papa mwenyewe aliuogopa. Rajabu alikuwa fundi wa redio. Redio ya Papa ilikuwa imenyamaza tangu tuhame Kongo. Rajabu aliifungua juu ya mkeka, akaomba uzi, akaomba mshumaa, akaomba wembe, na kila alichoomba aliyekipeleka alikuwa Furaha. Redio ikasema. Papa alisikiliza mahubiri katika redio hiyo mpaka mwezi aliokufa, na sikumbuki hata mara moja akilitaja jina la aliyeitengeneza. Walipendana mbele yetu sote na hakuna aliyejificha, maana nyumba ilijaa watu kiasi kwamba hata chafya ilikuwa na mashahidi. Ukoo wa Mzee Salumu uliporudi kujenga nyumba ya mbao juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, Rajabu aliendelea kuvuka mpaka kila alipopata nafasi, akiwa na betri za redio mfukoni kama kisingizio. Kiangazi kilipofika aliongea na Papa waziwazi. Papa alifunga chakula, akaomba na kikundi chake cha maombi siku kadhaa. Kisha mezani, akiwa anamenya kiazi, alisema neno moja: "Waje." Mama alikwenda jikoni akacheza peke yake na mwiko mkononi. Nilimwona.

Kwa asiyejua: kwetu siku ya kuomba binti ni mchezo wenye kanuni zake. Familia ya mvulana inakaa upande mmoja wa hema, familia ya msichana upande wa pili, na msichana mwenyewe amefichwa ndani mpaka aitwe. Kila upande una msemaji wake. Wa mvulana anaomba, wa msichana anakataa: mmepotea njia, hapa hatuna binti, tuliye naye ameshaposwa, babu yenu alituibia ng'ombe. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wageni wanajitetea, na kadiri kukataa kunavyozidi kuwa kukali ndivyo wageni wanavyojua kwamba wamekubaliwa. Baba wa msichana hasemi kitu. Anakaa na fimbo yake anatabasamu, msemaji ndiye anayemfanyia vituko. Papa alikataa kuwa na msemaji. "Mkristo hakodishi mdomo wa kusema uongo," alisema, na sisi tukaona ni yaleyale ya kwake. Halafu, siku moja kabla, nikiwa nakata vitunguu, nilimsikia Mama akimuuliza nani atachinja mbuzi, aitwe Rajabu mwenyewe ama mjomba wake. "Hatutachinja," alisema Papa. "Sasa bageni batakula nini?" "Kuna Fanta." Mama aliniangalia, akainua mabega. Tulidhani anaogopa watu waseme Mwalimu anajionyesha. Nimeyarudia maneno hayo mawili, hatutachinja, kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiyapa kila maana isipokuwa ile yake.

Walikuja mchana, kwa miguu kutoka mpakani, kanzu nyeupe na kofia za kufuma, wanawake katika vitenge vya sare walivyoshona baada ya kupoteza kila kitu. Mama Rajabu alishika kikapu chenye kifuniko kirefu cha ncha, kile cha zawadi, amekikumbatia kama mtoto. Upande wetu walikaa majirani, na mbele yao kikundi chote cha maombi, suti na Biblia, wamenyooka. Ndani, Furaha alikuwa amevalishwa mushanana ya rangi ya dhahabu, ile nguo yetu ya sherehe inayofungwa begani, na marafiki zake walikuwa wamebandika masikio dirishani wakimzuia asicheke kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni na kifungulio cha chupa. Mzee Salumu alisimama, akakohoa, akaanza.

"Mwalimu, bazee, bamama, musione tumevaa safi. Munatujua. Ni siye bale ba moto. Tulifika hapa bila biatu, mukatupatia nyumba, mukatupatia kuku. Bon. Mutasema batu ya Birere habashibake, juu leo tumerudia tena kuomba. Tunaomba mutoto Furaha, akuwe mutoto yetu."

Papa alisimama mwenyewe. Aliweka mkono juu ya Biblia. "Ndugu zangu, mmepotea njia. Katika nyumba hii hakuna binti wa kuwapa."

Hema lote lililipuka kwa kicheko. Mama Rajabu alipiga vigelegele, maana ndivyo inavyoanza, kila mtu anajua ndivyo inavyoanza, na kwa mwalimu mkali kama yule kuamua kucheza mwenyewe ilikuwa heshima kubwa. "Eh, Mwalimu!" alisema Mzee Salumu akifuta machozi ya kucheka. "Kupotea njia? Hapa ata mutufunge macho tunafika, tulilala hapa!" Makofi. Papa alisubiri. "Mnayemtaka ameshaahidiwa Bwana Yesu," alisema. "Siwezi kumtoa nuruni nimpeleke gizani." Kicheko kikazidi. Mjomba mmoja wa Rajabu, nyuma, alipaza sauti: "Uyo wa kwanza alileta ng'ombe ngapi? Siye tunaongeza moya!" Hata jirani zetu walikuwa wanajipiga mapaja. Ndani nilimsikia Furaha akicheka, kile kicheko chake cha kupanda juu, akasema, "Papa! Kumbe anajua mchezo!" Sijawahi kukisikia tena kicheko kile.

"Mzee Salumu," alisema Papa, "sichezi."

Kicheko hakikukatika mara moja. Mstari wa mbele ulinyamaza, wa pili ukanyamaza, lakini waliokaa nyuma hawakuwa wamesikia vizuri, wakaendelea, na mtoto mmoja aliendelea kucheka peke yake mpaka akazibwa mdomo. Mama Rajabu ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alibaki anatabasamu, anaangalia huku na huku, kikapu kifuani, akisubiri mtu amweleze awamu hii ya mchezo inaitwaje. Papa alifungua Biblia akasoma, akaifunga. Kisha, na hili nitalichukia mpaka kaburini kwangu, aliwaambia watu wainamishe vichwa, akawaombea. Aliwaombea wageni wetu wafumbuliwe macho. Aliwaombea kwa majina, maana aliyajua majina yao yote, hadi ya watoto aliowagawia nyama kwa mkono wake. Kikundi cha maombi kikasema amina. Baada ya hapo akageuka kwa Daniyeli akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wape wageni Fanta." Daniyeli alizigawa. Mimi nilipita nikifungua, sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Mzee Salumu alizuia yake kwa kiganja, isifunguliwe, akainama akailaza kwenye majani kando ya kiti chake, polepole, ili asifanye kelele katika nyumba ya mtu.

Waliposimama kuondoka Furaha alitoka kwa mlango wa jikoni. Alikuwa bado na mushanana yake, na miguuni alikuwa na kandambili za Mama. Mama alikuwa amesimama na kifuniko cha sufuria ya chai mkononi, wala hakumshika. Furaha alikata katikati ya hema, kati ya pande mbili za viti.

"Furaha, rudi ndani," alisema Papa.

"Ndani ya wapi?" aliuliza. "Si umesema mu iyi nyumba haiko binti. Batu bote bamesikia. Donc mi naenda."

Alimkuta Mama Rajabu langoni. Yule mama, aliyekuwa amefedheheshwa mbele ya mji mzima, alivua kitenge chake cha juu akamfunika mtoto wetu mabegani, kwa sababu nguo ile ya dhahabu ingemfanya kila mtu mpakani ageuke kuangalia. Wakashuka pamoja. Papa alitazama mpaka walipopotea kwenye kona, akawaambia watu waliobaki: "Mlango hautafungwa. Akitubu, atarudi." Hiyo ndiyo asili ya mlango wenu huo mnaousifu.

Furaha alisilimu, akaolewa Goma, akazaa, na Papa aliomba kwa ajili yake kila asubuhi kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, lakini jina lake hakulitaja, aliomba kwa ajili ya "walio nje." Mama alikuwa akikutana naye karibu na mpaka, wanainamia fungu moja la nyanya kama wateja wasiojuana, na huko ndiko alikowashika wajukuu zake. Alikufa bila kuwapikia hata siku moja. Papa alipoanza kuumwa, mwaka jana, Furaha alikuwa anavuka na supu ya samaki katika chombo cha kuhifadhi joto, anaishia langoni, mimi naipokea. Papa aliinywa yote. Hakuuliza imetoka wapi, na Mwalimu Yakobo alikuwa mtu wa kuuliza hata chumvi imenunuliwa duka gani. Nilimwambia siku moja: "Papa, hii ni ya Furaha, yuko hapo nje." Aligeuza uso ukutani akasema, "Masharti ya Mungu si yangu kuyapunguza," kisha akanyoosha bakuli niongeze.

Hata hivyo, na hili ndilo linaloniumiza, miaka yote hiyo nilikuwa nimemwekea Papa udhuru. Nilijiambia alisema "Waje" kwa nia njema. Nilijiambia asubuhi ile hofu ilimshika, au kikundi cha maombi kilimbana, akajikuta amesimama mbele ya suti zile zote hana pa kurudi. Mtu anaweza kumpenda baba mwoga. Niliishi na udhuru huo, nilimwogesha nao, nilimzika nao. Kisha, siku ya kumaliza kilio, aliinuka Mzee Petero, wa mwisho aliyebaki wa kile kikundi, macho yameingia ukungu, akashikiliwa kipaza sauti na mjukuu wake.

"Bwana asifiwe!" Amina. "Nitatoa ushuhuda ya uyu mutu. Bale Baislamu balipotaka kuomba mutoto yake, alituita ku maombi, siku yabo bado kabisa. Siye tulikuwa batu ya moyo laini. Tukamwambia, Mwalimu, uende kwabo polepole, ubakatalie mu siri, iishe. Akasema hapana! Akasema, nikibakatalia mu siri, nani atasikia Injili? Bakuye bote hapa, na bamama yabo, na majirani yetu bakuwe bashahidi. Munasikia imani? Alitoa mutoto yake kama Ibrahimu!"

Watu walipiga makofi. Nilisikia "aleluya" nyuma yangu. Nikageuka kuangalia langoni, na nikaona kwamba spika za kukodi zinafika vizuri sana hadi pale. Furaha alikuwa anaangalia mkoba wake. Kwa hiyo hakukuwa na hofu, hakukuwa na kubanwa. Kikundi kile nilichokichukia tangu usichana wangu ndicho kilichomwombea Mzee Salumu huruma, na baba yangu ndiye aliyeikataa. Alipanga viti vile kama alivyopanga madaftari ya wanafunzi. Alijua siku ile nakata vitunguu. Alijua Mama alipokuwa anacheza na mwiko. Aliacha wanawake waliounguliwa na nyumba washone sare, wavuke mpaka, wapige vigelegele, ili apate mashahidi.

Daniyeli alichukua kipaza sauti. Alikuwa anatabasamu kwa machozi. "Sasa, wapendwa, watoto wa marehemu tusimame mtuone. Ni mimi, na mudogo wangu Esperansi." Nilisimama. Nilimwendea nikakitoa kipaza sauti mkononi mwake, na nadhani alikiachia kwa sababu alidhani nalia.

"Sisi ni watatu," nilisema. "Hapa, mahali hema hili limesimama, Papa aliwaita watu ambao nyumba yao ilikuwa imeungua, akawaaibisha, na mmesikia sasa hivi kwamba aliwaita kwa sababu hiyo. Mzee Petero anasema ni imani. Mimi nasema ni ukatili, na nasema nikiwa mtoto wake, niliyemwogesha alipokuwa hawezi kunyanyua mkono. Alisema katika nyumba hii hakuna binti. Alisema uongo. Binti yupo, amekaa pale langoni na majirani, ndiye aliyempikia supu mpaka akafa. Furaha, yaya, dada yangu mkubwa, njoo usimame mahali pako."

Vichwa vyote viligeuka. Daniyeli aliniambia kwa meno yaliyofungwa, "Utaleta haya ku jina ya Papa." Nilimwambia haya ilishaletwa zamani, ikagawiwa na Fanta, na yeye ndiye aliyeigawa. Furaha alinyanyua uso. Aliniangalia mimi tu.

"Hapana," alisema. "Mi niko sawa hapa."

Na watu wakacheka. Nasema kweli tupu: walicheka, kicheko cha upendo, wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, mwingine akamkimbilia na kumvuta mkono, kwa sababu kwetu mtu akiitwa mbele akasema hapana anaona aibu tu, anataka abembelezwe. "Kuya, mama, kuya!" walisema. "Usione haya, ni kwenu!" Mchungaji naye alikuwa anacheka, amefunguka uso, nadhani aliona jambo linaisha vizuri. Furaha alimruhusu yule mama amshike mkono, akautoa taratibu, akaurudisha juu ya mkoba. Hakuwa na hasira. Mwenye hasira nilikuwa mimi. Nilimjua dada yangu, na nilijua hatainuka hata wangemwita mpaka jioni.

Niliweka kipaza sauti juu ya meza ya Biblia, iliyokuwa imeletwa uani. Nikabeba kiti changu, kile cha mstari wa mbele chenye kitambaa cha Mama, nikapita nacho katikati ya hema, nikakiweka langoni kando ya kile cha plastiki. Furaha alinisogezea nafasi.

"Nawe unapenda maneno," alisema.

"Kwa nini hukuja?"

"Nilikuya kulia Papa. Kuomba tuliisha omba, siku ile. Inatosha."

Chakula kilipoanza kugawiwa, mke wa Daniyeli, ambaye ni mtu mzuri na hakuwa na kosa lolote, alituletea sahani mbili zilizojaa, wali, viazi, maharage, na nyama ya ng'ombe juu. Furaha alimshukuru, kisha akamuuliza kwa upole, "Nani alichinja?" Yule mwanamke alisimama akifikiri. "Sijue, yaya. Ilitoka tu ku bucha." Furaha alisogeza nyama pembeni mwa sahani kwa ncha ya uma. Nami nilisogeza yangu. Tukala viazi na maharage, tumeangalia barabara inayoshuka mpakani, na nyuma yetu mtu mwingine alikuwa ameshachukua kipaza sauti, anaeleza jinsi mlango wa Mwalimu Yakobo ulivyokuwa wazi kwa kila mtu.